Sauti yako niliijua, mwanangu

Mwanangu,

Assalam aleikum. Natumai hujambo huko Maskati na hilo joto lenu. Sisi huku Mombasa hatujambo, babako mguu wamsumbua kidogo lakini msikitini yuwaenda na kurudi mwenyewe alhamdulillah.

Meseji yako ya juzi nimeisoma, nikaisoma tena nikiwa nimefunga duka, na swali lako nimelielewa. Waniuliza, "Mama, kwani hata sauti yangu hukuijua?" Yaani ulipoteza simu kwa teksi, ukaazima ya mwenzako, ukanipigia WhatsApp kwa namba ya Oman nisiyoijua, ukaniomba 20,000 nitume kwa laini ya ndugu yake huyo mwenzako alioko Nairobi ili yeye akupe riyali hapo hapo, na mimi badala ya kukuuliza umekula nini nikakuuliza bibi yako marehemu alikuwa akikuita nani ulipokuwa mdogo. Ukakasirika ukanikatia. Na wenzako walikuwa wamesimama hapo wasikia kila kitu, hilo ndo limekuuma zaidi, sivyo? Nakujua.

Basi nikujibu. Sauti niliijua. Niliijua tangu uliposema "mama" ile ya kwanza, vile wewe huivuta mwisho ukiwa na shida, toka uko madrasa wavuta hivo hivo. Tena usiponiita mama ukaniita "mathe" kama hawa vijana wa Nairobi ningekata pale pale nirudi kwa wateja wangu. Kwa hivyo sikukosa kuijua. Ndo maana mwili ukanisisimka, kwa sababu sku hizi sauti ya mwanangu ikija kwa namba ngeni, yataka pesa, yazitaka sasa hivi, na pesa zenyewe ziende kwa mtu wa tatu nisiyemjua, basi kuijua sauti hakunisaidii kitu.

Wewe wasoma habari za huko za mambo ya AI, hizi mashine za kuiga hata sauti ya mtu, mwasema Masha Allah dunia imeenda mbele. Mimi hizo habari nazisoma nikiwa nyuma ya ile grili hapa Majengo, na ukiwa wakala wa M-Pesa hizo habari hazikai kwa simu, zaja zimevaa leso zasimama mbele yako.

Nikupe kisa. Kuna bibi mmoja wa hapa mtaani, jina sikutajii ila ukimuona utamjua, wewe na wenzako mlikuwa mwamwibia mabungo. Alinijia siku moja kabla ya Idi, yuwahema, pesa amezifunga fundo la leso, 30,000, pesa za mchezo zamu yake ndo ilikuwa imefika. Ati nimuwekee kwa simu halafu nimsaidie kutuma kwa namba fulani, haraka, mjukuu wake yuko chuo Eldoret amegonga mtoto na bodaboda ako ndani, wakichelewa apelekwa kortini. Nikamwambia kaa kwanza unywe maji. Hataki kukaa. Halafu nikaona kile kisimu chake cha kabambe, cha vitufe tu, amekishika kifuani, kimewaka, kumbe hawajakata. Yaani huyo "afande" ametembea naye kwa simu toka nyumbani mpaka dukani kwangu, amemwambia usikate na usimwambie mtu, ukimwambia mtu kesi yaharibika.

Nikakichukua. Nikasema afande salaam aleikum, ni kituo gani hicho? Akanambia wewe ni nani waingilia kazi ya serikali. Nikamuuliza huyo kijana jina lake kamili ni nani. Akanitajia jina moja tu. Nikamwambia na la babake? Kimya. Nikamgeukia bibi nikamuuliza, wakati anakupigia alijitaja jina? Akafikiria, akasema la, alikuwa yuwalia tu asema "bibi nisaidie bibi nisaidie", nami nikasema ni wewe fulani? akasema ndiye. Umeona? Jina alilitoa bibi mwenyewe. Kugeuka kwa simu, afande ashakata. Tukampigia mjukuu, haikushika, tukapiga tena, akashika na sauti ya usingizi, yuko hosteli amelala zake hana hata pikipiki. Yule bibi akakaa juu ya kreti ya soda akalia kushinda vile alivyokuwa mwanzo.

Sasa wewe utaniuliza, ilikuwa mashine ile, au ni kijana tu yuwajua kulia? Sikuisikia hiyo sauti ya kwanza kwa hivyo sikwambii ni hii ama ile. Lakini nimelifikiria sana hilo jambo wateja wakipungua, na nimeona kitu kimoja. Mtu akilia sauti yake haina mwenyewe. Kilio cha kijana wa miaka ishirini ni kilio tu, na mama ama bibi akikisikia, ile sehemu iliyobaki anaitia yeye mwenyewe kwa mapenzi. Wakora walijua hilo zamani kabla ya kompyuta yoyote. Mashine imekuja kuwaongezea tu, sasa hata asipolia, hata akiongea pole pole na kukuuliza presha yako yaendeleaje, yaweza kuwa ni sauti ya mwanao na sie mwanao.

Na usidhani ni hadithi za WhatsApp za babako. Januari 2023 Microsoft walionyesha mtambo wao, wakasema wahitaji sekunde 3 tu za sauti ya mtu, halafu waongea kama yeye. Sekunde 3 mwanangu, salamu tu ni refu kuliko hizo. Machi 2024 OpenAI, wale wa ChatGPT, nao wakasema wana wao wa sekunde 15, ila hawaufungulii kila mtu kwa sababu ya hatari yake. Mimi hapo ndo niliposhtuka zaidi, kwa sababu mwenye duka akikataa kuuza bidhaa yake mwenyewe basi ujue ameona kitu. Lakini yeye kakataa, wengine wameuza, na mitambo ya namna hiyo iko tele sasa, mingine ya bure. Na wewe sekunde zako ziko ngapi huko nje? Ile video yako ya TikTok wapika biriani waongea mwanzo mpaka mwisho, ile ingine mwashangilia mpira, zile voice note kwa grupu la familia lenye watu mia na zaidi ambao nusu yao hata mimi siwajui ni wa nani. Wacha kuongea? La, ongea, ni kijana wewe. Nakwambia tu kwamba sauti yako haiko kwa koo lako peke yake tena.

Wengine hapa barazani wasema Kiswahili chetu chatukinga, mashine zajua Kiingereza tu. Wacha wajidanganye. Kiswahili mashine zasoma, tena sawasawa, labda Kimvita chetu cha Mombasa ndo hazijakipata ule utamu wake, lakini bibi mwenye mjukuu ndani hana wakati wa kusikiliza utamu wa lahaja.

Umenambia pia "si ungeniambia niwashe video". Nilifikiria. Lakini hebu sikia hii ya Hong Kong, ilitoka mapema 2024. Mfanyakazi wa pesa wa kampuni kubwa ya wahandisi ya Uingereza, Arup, aliitwa kwa mkutano wa video, akamuona bosi wake wa fedha wa London na wenzake wengine, sura zao, sauti zao. Mwanzo alikuwa ashashuku ile email iliyomwita, lakini kuona sura akatulia. Akatuma pesa, akatuma tena, mara 15, dola za Hong Kong milioni 200, hizo ni kama dola milioni 25 za Marekani. Kwenye ule mkutano mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake. Sasa huyo ni mtu wa ofisi, amesoma, mbele yake kuna skrini kubwa na intaneti ya maana. Mimi niko na simu imepasuka kioo na WhatsApp yakatakata, uso wako ungekuwa vipande vipande tu, ningejua nini?

Na namba pia usiniambie. Hata ungepiga kwa laini yako ya Kenya ningekuuliza vile vile, maana laini yahamishwa. Mtu apata namba yako ya kitambulisho na viji-habari vyako viwili vitatu, ajifanya wewe, laini yako yatengenezwa upya kwa kadi yake, wewe simu yako yakatika mtandao wadhani ni mnara, kumbe ashaingia. Tulisajiliwa laini upya 2022, foleni mpaka barabarani, tukapigwa na picha, nikadhani sasa imekwisha hiyo. Wapi. Ndo maana nilikwambia kabla hujasafiri upige *100*100# laini yako ya Safaricom ifungwe isibadilishwe ovyo, ukanambia nitapiga nitapiga. Ulipiga? Mwambie na dadako, yeye ndo mbaya kukushinda.

Jambo ambalo laniudhi, na hili si lako wewe ni langu na dunia, ni vile mzigo wote umewekwa kichwani mwa mtu mdogo. Ukitapeliwa waambiwa hukuwa makini. Kuna "elimisha mteja" kila mahali, stika nimebandikiwa dukani mpaka hazina pa kukaa, usitoe PIN, usirudishe pesa kabla ya kuangalia salio, sisi Safaricom twapiga kwa namba ya 0722 000 000 pekee, meseji ya wakora ipeleke 333. Mazuri hayo, mimi mwenyewe nawaambia watu kutwa. Lakini mteja wangu akiliwa akaenda kituoni apewa namba ya OB, lile daftari la polisi la matukio, kwa kikaratasi, arudi nyumbani na kile kikaratasi, basi. Sheria ipo, ile ya makosa ya kompyuta ya 2018, kujifanya mtu mwengine ni faini hadi 200,000 ama miaka 3 ndani, na Oktoba 2025 wakaiongezea na kosa la kubadilisha laini ya mtu bila idhini yake. Ikaja na vipengele vingine vya kufunga midomo ya watu mitandaoni, korti ikavisimamisha, kelele yote ikaenda huko, na mimi naelewa kwa nini kwa sababu hayo ya kukamatwa mtu kwa alichoandika ni mazito. Ila hichi kidogo cha laini hakikupata hata mtu wa kukiongelea. Marekani wenzetu, ile sauti ya bandia ya Biden, rais wao wa wakati huo, iliyopigia watu simu Januari 2024 ikiwaambia wasipige kura New Hampshire, hata mwezi haukuisha serikali yao ishasema simu za namna hiyo za sauti za mashine ni haramu, na aliyeipanga akapigwa faini ya dola milioni 6. Kwa sababu ni sauti ya rais. Mjukuu wa Eldoret nani atamuwekea sheria kwa wiki tatu?

Halafu kuna hili lanichekesha kwa uchungu. Wamkumbuka binamu yako alivyosimama ile foleni ya KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, 2023, ile ya Worldcoin, apigwe picha ya mboni za macho apewe sarafu za kama 7,000? Serikali ikaisimamisha mwanzo wa Agosti, hata wiki mbili zilikuwa hazijaisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile data zifutwe. Wajua maelezo yao yalikuwa nini? Ati mbele huko itakuwa ngumu kujua nani mtu nani mashine, kwa hivyo twahitaji kupiga macho ya kila mtu ili ithibitike ni binadamu. Na mmoja wa walioianzisha ni Sam Altman, ambaye ndiye mkubwa wa hiyo OpenAI. Mimi sikusoma sana lakini nikiona mganga anauza ugonjwa mlango wa mbele na dawa mlango wa nyuma, nashika mkoba wangu natoka.

Sasa turudi kwetu, maana hayo ya wakubwa hatuyamalizi leo. Uliona ile ni kama nimekuhoji kama mwizi mbele ya wenzako. Naelewa aibu, mwanamume kuulizwa na mamake jina la utotoni kwa spika, tena jina lenyewe tulijua ni la kuchekesha. Lakini hebu nifikirie upande wa pili. Tuseme nimetuma, halafu si wewe. Zile 20,000 ni float yangu ya kesho, pesa za kuwahudumia wateja, bila hizo sifungui duka. Na tuseme ni wewe, kama ilivyokuwa, nimekucheleweshea kitu gani? Dakika kumi. Shida ya kweli yangoja dakika kumi, nimeona za kweli nyingi hapa dukani, mtu akikwama hospitali ama kituoni atapiga tena, na atapiga tena, na hatakukataza kumuuliza babako. Dhamana ya kituoni huandikwa risiti, haitumwi kwa laini ya mtu. Anayekwambia usikate simu na usimwambie mtu, huyo ndo wa kukatia.

Na wewe ungenijibu neno moja tu, lile jina, ningetuma kabla hujamaliza kutamka, wallahi. Hukunijibu ukanikatia, na kukata huko ndo kulinifanya niseme ee, kumbe sie. Mpaka kesho yake dadako akanambia ni kweli ulikuwa wewe na umekopa kwa msimamizi wako.

Kwa hivyo tufanye hivi. Lile swali la bibi yako limekufa, umelisikia kwa spika na wenzako wamelisikia, na mashangazi wote walijua jina hilo tangu zamani. Twatafuta jengine. Silitii hapa kwenye barua na wala sitaki ulitie kwa WhatsApp, tutapatana ukija likizo, na mpaka hapo nitakuuliza kitu cha siku ile tuko feri Likoni mimi na wewe tu na mvua, wajua kilichotokea, usikiandike. Ukiulizwa ujibu, usikasirike, na usinijibu "mama wacha mambo yako". Na mimi nikikupigia nataka pesa, ama babako akikupigia, nawe tuulize. Hasa babako. Babako siku ile alikuwa ashavaa viatu, yuwanifokea "mtumie mtoto, mtumie mtoto", na huyo huyo wiki iliyopita alitumiwa meseji ya kupokea 6,500 kutoka kwa namba ya kawaida kabisa, si ile yenye jina la MPESA, akataka "kumrudishia mwenyewe maskini". Nikamwambia angalia salio kwanza. Salio lilikuwa shilingi 83. Amenuna mpaka jana.

Wenzako hapo waambie nao wawe na lao na mama zao, msimamizi wako pia. Huyo alokuazima simu msalimie sana, mwambie mamake rafiki yake hana kitu naye, na ndugu yake wa Nairobi pia anisamehe kwa kumshuku. Na hiyo namba mpya usinitumie mimi moja kwa moja, mpe dadako umwambie kwa mdomo, mimi nitaichukua kwake.

Deni la msimamizi usilibebe mwezi mzima, hao watu hukumbusha. Nipigie baada ya isha nikishafunga mahesabu, nikuulize, unijibu, halafu nikutumie hizo 20,000 kwa njia tunayoijua.

Wasalaam,
Mamako